Muungwana wa Pwani, Mngwana wa Kasongo

Mtu wa Bagamoyo akilitamka neno hili, linatoka na silabi nne: mu-u-ngwa-na. Mtu wa Kasongo analimaliza kwa tatu, mu-ngwa-na, na wakiwa wengi kwake ni wangwana. Ukienda Bukavu au Lubumbashi utasikia bangwana. Irabu moja imedondoka njiani. Wapo walimu wa lugha ambao wakisikia hivyo hukimbilia kusema kwamba Wakongo wameliharibu neno, kana kwamba Lamu, mji ulioringia uungwana kuliko miji yote ya Waswahili, haukuwa ukisema wangwana vilevile. Abdul Hamid el-Zein, Mmisri aliyeichunguza dini ya watu wa Lamu katika kitabu kilichotoka 1974, ameandika wangwana kila mahali, kwa sababu ndivyo alivyowasikia wenyewe wakisema.

Matamshi basi yasimgombanishe mtu na mwenzake. Penye ugomvi ni kwenye maana. Pwani muungwana alizaliwa. Kasongo na Kabambare, katika teritware za kusini mwa Maniema, mngwana aliweza kufanywa, tena ndani ya miaka michache. Kati ya matamshi hayo mawili lilipita swali ambalo mafakihi, mapadri na watawala wote walilazimika kulijibu, kila mmoja kwa kitabu chake: je, uungwana wa mtu unatoka tumboni mwa mama, kinywani mwa kadhi, au mikononi mwake mwenyewe?

Pwani ya karne ya 19 ilikuwa na ngazi, na kila ngazi na jina lake. Juu alikaa muungwana, mtu huru mwana wa watu huru, mwenye nyumba, nasaba na kaburi la babu la kuonyesha. Chini walikuwa mtwana na mjakazi. Kati yao alikuwepo mzalia, mtoto wa watumwa aliyezaliwa mumo humo mjini akakua na lugha na adabu za mji, na mjinga, aliyeletwa juzi kutoka bara akiwa hajui lugha wala sala. Alikuwepo pia aliyeachwa huru. Huyu wa mwisho ndiye anayetuonyesha neno lilivyokuwa gumu: bwana wake alimwandikia hati, kadhi akaitia muhuri, akawa huru kweli, lakini muungwana hakuwa. Uhuru ulikuwa kitu cha kupewa. Uungwana, kwa maoni ya waliokuwa nao, haukuwa na mtoaji.

Neno likaingia njiani na misafara. Kutoka Bagamoyo lilipita Tabora, likafika Ujiji, likavuka ziwa, na kufikia miaka ya 1860 lilikuwa limefika kwenye misitu na mbuga za Maniema, ambako wafanyabiashara wa pwani walifuata pembe za ndovu. Huku ng'ambo halikuweza kubaki kama lilivyokuwa. Wapagazi na walinzi wa misafara ile, wengi wao watumwa wa matajiri wa Unguja na wengine watumwa wa watumwa, waligundua kwamba ukishavuka Tanganyika hakuna anayemjua babu yako. Wenyeji waliona kanzu au kipande cha merikani, bunduki, kofia, na mtu anayesema lugha moja na wenzake mia. Wakauliza ninyi ni nani. Jibu lilikuwa: sisi ni wangwana. Henry Morton Stanley, aliyefika Nyangwe mwaka 1876, aliwaita wapagazi wake hivyo hivyo katika kitabu chake cha 1878.

Mkasa mmoja wa Kabambare unafaa kutazamwa kwa karibu. David Livingstone alifika huko Septemba 1869, akaandika jina la mahali hapo Bambarre. Alirudi tena Julai 1870 akiwa na vidonda vya miguu visivyopona, akakaa hadi Februari 1871, akiwategemea kwa chakula na dawa wafanyabiashara wale wale ambao biashara yao aliilaani. Katika muda wake wote wa Maniema, asema mwenyewe, aliisoma Biblia nzima mara nne. Tarehe 4 Februari wakafika watu kumi aliotumiwa na ubalozi wa Uingereza huko Unguja. Mmisionari huyo aliyekuwa akipigania kukomeshwa kwa utumwa akatambua kwamba watu aliopelekewa na serikali yake walikuwa watumwa wa Mabaniani wa Unguja, waliokodishwa kama watu huru. Wakagoma, wakadai nyongeza, wakasema wametumwa kumrudisha pwani wala si kwenda naye mbele. Yeye aliwaandika katika shajara yake kama watumwa wa Mabaniani. Mitaani Kabambare walikuwa wangwana kama wangwana wengine, na hakuna ajuaye ni lipi kati ya majina hayo mawili lililowauma zaidi.

Lakini neno hilo lilibeba pia damu. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko la Nyangwe, mjini palipokusanyika watu wapatao 1,500, wengi wao wanawake waliokuja na samaki, chumvi, kuku na vyungu, wangwana walianza kuwafyatulia risasi. Watu wakajitupa Lualaba. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona mauaji hayo kwa macho, na hakuwa na karatasi ya kutosha. Aliandika kwa wino wa matunda juu ya kurasa za gazeti kuukuu, maandishi ambayo yalififia hata yakahitaji kamera maalumu za wanasayansi katika karne hii ili yasomeke. Anayelisifu neno uungwana kwa sababu lilimfungulia mlango mtumwa hana budi kuisoma na habari hiyo. Aliyefunguliwa mlango hakuuacha wazi nyuma yake.

Kasongo ndiko mabadiliko yalikokamilika. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, aliufanya mji huo makao yake makuu katika miaka ya 1870, na kwa karibu miaka 20 ulikuwa mji mkubwa wa Waswahili kuliko wowote ulioko magharibi ya Ziwa Tanganyika. Palikuwa na mashamba ya mpunga, zao ambalo hata leo Maniema inajulikana kwalo, miembe, michungwa, nyumba za udongo za mraba zenye baraza, na misikiti. Daktari Sidney Hinde, Mwingereza aliyeingia Kasongo na jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliduwaa alipokuta magodoro, sukari na mishumaa.

Katika mji kama huo, kijana Mkusu, Mzimba, Msonge au Mbangubangu aliyetekwa akiwa mtoto alikulia katika nyumba ya bwana. Akatahiriwa, akapewa jina la Kiislamu, akafundishwa sura fupi za kusalia, namna ya kunawa kabla ya kula, namna ya kusalimia. Baadaye akapewa bunduki. Siku alipotumwa na kundi lake kwenda kukusanya pembe, kijiji alichokiingia kilimpokea kama mngwana, na aliporudi Kasongo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumpinga. Wapo waliofika juu kabisa. Ngongo Lutete, ambaye inasemekana alianza maisha kama mtoto wa utumwani, akawa jemadari mkubwa wa Tippu Tip upande wa Lomami na mwenye mji wake Ngandu. Mwaka 1892 aligeuka akajiunga na Wabelgiji, na Septemba 1893 maofisa wao wakampiga risasi kwa tuhuma za uhaini.

Mtu aweza kusema huo ulikuwa uungwana wa bandia, wa watu waliojipachika cheo mahali pasipo shahidi. Hoja hiyo ina nguvu mpaka mtu afungue vitabu vya fikihi. Sheria ya Kiislamu iliyotumika pwani na Maniema ilikuwa na kanuni kwamba asili ya binadamu ni uhuru, na kwamba Mwislamu huru hafanywi mtumwa. Lakini pia ilikubali kwamba mtumwa anayesilimu hawi huru kwa kusilimu tu. Halafu ikaja na suria. Mjakazi aliyemzalia bwana wake hauzwi tena, na bwana akifa yeye yu huru. Mtoto wake, bwana akimkubali, ni muungwana tangu pumzi ya kwanza, sawa na ndugu zake wa mama aliyeolewa. Kwa hiyo hata uungwana wa kuzaliwa, ule unaodai kwamba hauna mtoaji, ulitegemea neno la mtu. Tumbo lilikuwa la mjakazi. Kauli ya baba ndiyo iliyomfanya mtoto muungwana. Kasongo, ambako wageni wa pwani walikuwa wachache na wake zao wengi walikuwa wanawake wa Maniema, karibu kizazi kizima cha wangwana kilizaliwa kwa kauli ya namna hiyo.

Hapo ndipo Waislamu na Wakristo wa Maniema wanapokutana bila kupangiana miadi, maana wote wana kisa cha Hajiri. Paulo, katika barua yake kwa Wagalatia, aliutumia kama fumbo: Ibrahimu alipata wana wawili, mmoja kwa mjakazi na mwingine kwa mke huru, na waumini wajihesabu kwa yule wa pili. Watafsiri wa Biblia ya Muungano iliyotoka 1952 walipotafuta jina la huyo mama wa pili, walimwita mwungwana. Hawangeweza kumpa jina lililo na historia nzito zaidi. Kwa Mwislamu kisa hicho hicho kinaelekea upande mwingine: mwana wa mjakazi, Ismaili, ndiye aliyeinua misingi ya Kaaba pamoja na baba yake na ndiye babu wa Mtume, na kila hujaji anayekwenda mbio kati ya Safa na Marwa anakanyaga nyayo za Hajiri akitafuta maji. Mwanamke wa Kasongo aliyekuwa suria angeweza kusikia dini moja ikimwambia kwamba yeye ni mfano wa kifungo, na nyingine ikiwaamuru matajiri waigize mwendo wake. Ni haki kuongeza kwamba dini hiyo ya pili haikumzuia bwana wake kumnunua.

Kasongo iliangukia mikononi mwa Francis Dhanis, ofisa wa Leopold, tarehe 22 Aprili 1893, wiki kadhaa baada ya Nyangwe, na Kabambare ikafuata Januari 1894. Tippu Tip alikuwa amekwisha kurudi Unguja. Sefu, mwanawe, alikufa vitani. Mji wa zamani ulihamwa, na mahali pake panaitwa hadi sasa Tongoni, jina ambalo watu wa pwani ya Tanga nao waliupa mji wao wenye magofu.

Wabelgiji wakakuta maelfu ya watu wasioingia katika hesabu yao ya makabila. Hawakuwa Waarabu. Hawakutaka kuitwa Wakusu au Wazula. Afisa mmoja baada ya mwingine akaandika arabisés, yaani waliofanywa Waarabu, na jina hilo likakaa katika majalada ya utawala kwa zaidi ya nusu karne, likiwa na harufu ya shaka: hawa waangaliwe. Jambo la kuchekesha ni kwamba pwani, katika karne ile ile, neno uungwana lilikuwa likisukumwa pembeni na neno jipya la sifa, ustaarabu, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu lina maana ile ile hasa, kujifanya Mwarabu. Unguja ukistaarabika ulisifiwa. Kasongo ukistaarabika uliandikiwa ripoti.

Wabelgiji wenyewe hawakuwa na haki ya kushangaa. Lugha yao ya Kifaransa iliitoa franc, huru, kwenye jina la Wafranka waliotawala, na ikaitoa esclave, mtumwa, kwenye jina la Waslavi waliokuwa wakiuzwa. Huko nako watu walikuwa wakizaliwa wakiwa na cheo ndani ya jina la kabila. Mwaka 1360 Ufaransa ilipiga sarafu ya dhahabu iliyoitwa franc baada ya Mfalme Jean wa Pili kutoka kifungoni Uingereza, na wapo wanaosema iliitwa hivyo kwa sababu ya uhuru wake, wengine kwa sababu ya maandishi yake, mfalme wa Wafranka. Jina hilo ndilo linalohesabiwa leo katika soko la Kasongo, faranga juu ya faranga, na muuzaji wa mchele hana haja ya kujua.

Mtu huyo huyo aliyekuwa mngwana upande wa magharibi ya ziwa, akivuka Ujiji kwenda mashariki, alipoteza cheo bila kubadilisha kanzu. Huko aliitwa Mmanyema, na Mmanyema pwani alikuwa mtu wa bara la mbali, anayedhaniwa mtumwa mpaka athibitishe vinginevyo, na ambaye vitabu vya wasafiri wa Ulaya vilimzushia ulaji wa watu. Hakuna mfano mkubwa wa hali hiyo kuliko Sheikh Ramiya. Alizaliwa Maniema, akachukuliwa akiwa mtoto, akafika Bagamoyo akiwa mali ya Amir bin Sulaiman al-Lamki, mtu wa ukoo wa Kiomani aliyekuwa liwali wa mji. Jina alilolichukua ni Yahya bin Abdallah. Alifanya biashara, akanunua mashamba ya minazi, na wakati huo huo akasoma. Akawa khalifa wa twarika ya Kadiria, na Maulidi yake ikaivuta Bagamoyo yote pamoja na watu wa bara. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, uliwali wenyewe, cheo cha bwana wake wa zamani, ukamfikia yeye kwa muda. Alifariki 1931.

Waungwana wa Bagamoyo waliokuwa na nasaba na makaburi hawakufurahi wote. Wangefanyaje, lakini? Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, inasema kwa uwazi kwamba watu wametoka kwa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja na kwamba mbora wao mbele ya Mungu ni mchaji wao. Aya hiyo walikuwa wakiisoma karne nyingi bila kuwasumbua. Ramiya alipoketi mbele ya zikri, na waliokuwa wakimwita Mmanyema wakasogea kumbusu mkono, aya ikapata mwili. Lamu nako, mwalimu Habib Saleh alikuwa amefanya jambo la namna moja: akawasomesha watu wa tabaka la chini, watumwa na watoto wao, ambao mabwana hawakuona sababu ya kuwasomesha, na msikiti wake wa Riyadha ukashinda umaarufu misikiti ya wenye mji.

Katika miaka ya 1920 Kadiria ikarudi bara kwa njia ile ile ya misafara, ikafika Kasongo na kuenea Maniema. Utawala wa Kibelgiji uliogopa, ukawafuatilia masheikh, ukazuia vitabu vya Kiarabu na safari za walimu kutoka Tanganyika. Ulidhani ni njama ya siasa. Armand Abel, msomi wa Kibelgiji aliyeandika kitabu kizima juu ya Waislamu weusi wa Maniema, kilichotoka 1960, aliona kwamba mambo yalikuwa ya ndani zaidi. Twarika ilikuwa na kitu ambacho bunduki ya Tippu Tip haikuwa nacho: haikuhitaji mshenzi. Mngwana wa 1880 alikuwa mngwana kwa sababu kijiji cha jirani hakikuwa. Muridi wa 1930 aliingia katika duara la zikri akiwa Mzula au Mbangubangu, mjukuu wa aliyeteka au mjukuu wa aliyetekwa, na duara halikumuuliza.

Hilo halina maana kwamba ngazi zilianguka. Mafungu ya nyumba za kale, nani alikuja na nani na nani alinunuliwa na nani, hayasahauliki kwa urahisi mahali popote pale palipokuwa na utumwa, na ukimya wa wazee mara nyingi ni namna ya adabu. Muungwana ni vitendo, husema methali ya pwani, na methali huwa hazitungwi ila pale ambapo kuna mtu anayedai kinyume chake.

Neno, kwa upande wake, lilipata kazi nyingine ambayo hakuna aliyeipanga. Lugha ya wangwana iliitwa Kingwana, lugha ya waliozaliwa huru. Mapadri Weupe walioweka misheni yao Kasongo mwanzoni mwa karne ya 20, na ambao kwao Uislamu ulikuwa mshindani wa kwanza, walihubiri kwa Kiswahili, kwa sababu bila hicho hakuna ambaye angewasikiliza. Mwaka 1928 wamisionari Waprotestanti wa Wayika, kando ya Lualaba, walichapa kitabu cha kufundishia Kingwana. Watawala wakakitumia kuamrisha, kampuni za madini kuajiri, wanajeshi kutukana. Mtoto wa Mkatoliki wa Kabambare akakisema tangu kunyonya. Na alipofungua Matendo ya Mitume, sura ya 17, akakuta watu wa Beroya wakisifiwa kuwa waungwana kuliko wa Thesalonike, kwa sababu tu walilipokea neno kwa moyo mweupe na kuyachunguza maandiko kila siku: uungwana usiomtaja baba wala mama.

Hata hivyo ukimwita mtu huyo mngwana, huenda akakusahihisha, maana kusini mwa Maniema, kwa wengi, mngwana ni Mwislamu, naye anakwenda misa. Jirani yake Mwislamu anapeleka watoto katika shule ya serikali inayoendeshwa na jumuiya ya Kiislamu, ambako watoto wa Kikristo nao wanasoma, na ambako mwalimu akiandika ubaoni jina la lugha anayoisema anaandika Kiswahili. Ndivyo inavyosema pia ibara ya kwanza ya Katiba ya 2006, inayokitaja pamoja na Kikongo, Kilingala na Chiluba kuwa lugha za taifa. Jina la Kingwana halimo, wala hakuna aliyelidai.